Shukrani Inayotaja Kitu kwa Jina

Katika sharika nyingi ninazozifahamu, muda wa ushuhuda na sadaka ya shukrani una mpangilio wake. Anasimama aliyepona baada ya upasuaji, anafuata aliyenusurika katika ajali ya basi, kisha mzazi ambaye mtoto wake amehitimu chuo, na kijana aliyepata ajira baada ya kusubiri kwa muda mrefu. Kwaya inawaimbia, ndugu na majirani wanawasindikiza hadi madhabahuni, mchungaji anawaombea, nasi sote tunafurahi pamoja nao. Utaratibu huo ni mzuri, na mara nyingi umenitoa machozi. Hata hivyo sijapata kumsikia mtu akisimama mbele ya usharika kumshukuru Mungu kwa sababu amelala usiku kucha bila maumivu, au kwa sababu nyumbani kwake kuna chumvi, sabuni na mafuta ya kupikia, au kwa sababu ana jirani ambaye anaweza kumwachia funguo za nyumba akasafiri bila wasiwasi.

Kwa mambo ya namna hiyo tunayo kauli moja ya jumla: "Asante Mungu kwa yote." Ni kauli njema, lakini tumeizoea mno, na mtu anaweza kuisema kila siku pasipo kukumbuka hata kitu kimoja alichopewa. Ninaamini kwamba shukrani ya Mkristo inakuwa na uzito inapokitaja kitu chenyewe, pamoja na mkono ambao Mungu aliutumia kukileta, na kwamba anayejizoeza kushukuru hivyo kwa maji na mkate ndiye anayejifunza pia kushukuru kwa msamaha na uzima wa milele.

Zaburi ya 103 inatufundisha jambo hilo. Mwimbaji anaiamuru nafsi yake: "Ee nafsi yangu, umhimidi Bwana, wala usizisahau fadhili zake zote." Angeweza kuishia hapo, kwa kuwa "fadhili zote" ni maneno yanayobeba kila kitu. Lakini mara moja anaanza kuzihesabu: anayekusamehe maovu, anayekuponya magonjwa, anayeukomboa uhai wako na kaburi, anayekushibisha mema. Tazama jinsi alivyouweka msamaha wa dhambi na kushiba katika wimbo mmoja bila kuona haya. Sisi ndio tuliovitenganisha, tukaviita hivi vya kiroho na vile vya mwilini, kana kwamba vina watoaji wawili.

Tuliopita katika mafundisho ya kipaimara ndani ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) tulifundishwa kutaja kabla hatujaelewa maana yake. Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, iliyotoka mwaka 1529, inapofika kwenye ombi la nne la Sala ya Bwana inauliza mkate wa kila siku ni nini, na jibu lake ni orodha ndefu tuliyotakiwa kuikariri mbele ya mwalimu: chakula na kinywaji, nguo na viatu, nyumba, shamba, mifugo, fedha, mwenzi mwema wa ndoa, watoto wema, watawala waaminifu, serikali nzuri, hali nzuri ya hewa, amani, afya, heshima, rafiki wema, majirani waaminifu na mengine ya namna hiyo. Tulikuwa watoto, tukawa tunakimbilia kumaliza. Nilipokuja kuisoma nikiwa mtu mzima, nilisimama kwenye neno viatu. Luther aliiandika katekisimo hiyo baada ya kuzitembelea sharika za vijijini huko Saxony na kukuta watu wazima wasiojua hata Sala ya Bwana. Aliwaandikia wazazi ili wawafundishe watoto nyumbani, kwa hiyo akaweka mle vitu ambavyo mkulima angeviona akigeuza macho tu ndani ya nyumba yake.

Katekisimo hiyo hiyo inasema jambo jingine ambalo ningependa kila mhubiri wa siku hizi alitafakari. Inasema kwamba Mungu huwapa watu wote mkate wa kila siku, hata waovu, hata bila maombi yetu. Tunaomba ili atuwezeshe kutambua hivyo na kuupokea mkate wetu kwa shukrani. Maana yake ni kwamba nyumba ya bati, shamba lililozaa na mtoto mwenye afya haviwezi kuwa mshahara wa imani yangu. Jirani yangu asiyesali hata siku moja naye amepata mvua ile ile. Kilicho tofauti, au kinachopaswa kuwa tofauti, ni kwamba mimi ninamjua aliyeileta.

Niyaseme ya maji, kwa sababu ndiyo niliyo na deni nayo kubwa. Nimezaliwa kwenye mteremko wa Kilimanjaro, katika kihamba cha migomba na kahawa, na maji yetu yalitoka kwenye mfereji. Wachaga huuita mfongo. Mifereji hiyo, inayochepusha maji ya mito kutoka kwenye makorongo na kuyapitisha kando ya mteremko hadi mashambani na majumbani, ilikuwapo kabla wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, hawajafika Machame mwaka 1893. Ilichimbwa kwa zana duni na watu waliojua kuusoma mwinamo wa ardhi kwa macho, ikatunzwa kwa siku za kazi ambazo kila kaya ilipaswa kutoa mtu, na maji yake yakagawanywa kwa zamu ambayo wazee waliisimamia. Aliyeiba zamu ya mwenzake alijulikana.

Maji ya kunywa tuliyachota asubuhi na mapema, kabla mifugo haijayachafua. Mama alikuwa akisuka ngata ya majani makavu ya mgomba, anaiweka kichwani, anajitwisha ndoo, na juu ya maji anaweka jani bichi ili yasiruke na kumlowesha njiani. Alipofika nyumbani alilitoa lile jani kwa vidole viwili, akalikung'utia matone yaliyobaki kwenye sufuria ya chai. Alikuwa na mazoea ya kusema "Asante, Bwana" wakati akiitua ndoo, na nilidhani anashukuru kwa kupumzika. Siku nilipomuuliza alinijibu kwamba anashukuru kwa sababu maji yalikuwepo alipofika, kwa kuwa kuna miaka ambayo alifika akakuta tope.

Leo nyumbani kwangu kuna bomba ndani ya jiko. Nikilifungua, maji yanatoka, na yasipotoka ninalalamika kabla sijamaliza kulifunga. Nimejizoeza kusema maneno ya mama ninapojaza birika asubuhi, nikiwataja wale ambao kwa mikono yao maji hayo yamenifikia: walioulinda msitu ulio juu yetu usikatwe, mafundi wanaoingia kwenye mitaro wakati wa mvua kuziba mabomba yaliyopasuka, na wazee wa zamani waliothibitisha kwamba maji ya korongo lile yanaweza kufika huku. Mungu angeweza kunipa maji bila wao. Amependa kunipa kupitia kwao, na sioni jinsi ninavyoweza kumshukuru yeye huku nikiwasahau wao.

Ndivyo ilivyo hata kwa vitu vinavyotoka serikalini, ambavyo Wakristo wengi huvipokea kama haki tupu, wala hawaviingizi kwenye sala. Chandarua ni mfano mzuri. Wenye umri wa kutosha wanakumbuka Hati Punguzo, mpango ulioanza mwaka 2004 ambao mama mjamzito alipewa hati kliniki akaenda nayo dukani kununua chandarua kwa bei ndogo. Baadaye vikaja vyandarua vya bure, kaya kwa kaya. Mtoto aliyelala ndani ya chandarua chenye dawa, pembe zake zimechomekwa chini ya godoro, amelindwa na Mungu kwa njia ya daktari, karani, dereva wa lori na mhudumu wa afya wa kijiji. Umeme wa REA, Wakala wa Nishati Vijijini, uliofika kwenye vijiji ambavyo wazazi wetu walisomea kibatari nao uingie humo humo. Luther hakuiweka "serikali nzuri" kwenye orodha ya mkate wa kila siku kwa bahati mbaya.

Kuna shukrani moja inayonisumbua, nami naandika juu yake kwa kuwa naisikia karibu kila ninapohudhuria ibada ya asubuhi ya jumuiya. Anayeomba husema: "Tunakushukuru kwa kutuamsha salama, wako wenzetu waliolala hawakuamka, wako walio hospitalini, wako walio gerezani, lakini sisi tupo hapa." Wengi huongeza haraka: "Si kwamba sisi ni wema kuliko wao, ni kwa neema yako tu." Nyongeza hiyo imeibeba sala yote, na wazee waliotufundisha kuiweka walikuwa na hekima. Ikiondolewa, tunabaki karibu sana na yule Farisayo wa Luka 18, ambaye sala yake ilianza vizuri kabisa, "Ee Mungu, nakushukuru," kisha ikaharibika pale alipoendelea, "kwa kuwa mimi si kama watu wengine." Naye alikuwa akishukuru! Kosa lake lilikuwa kwamba alihitaji mtu wa chini yake ili aione neema.

Mimi ningependa tuwataje wagonjwa na wafungwa katika maombezi, kwa majina yao, tukikusudia kwenda kuwaona, na tusiwatumie kama kipimo cha baraka zetu. Afya yangu ni zawadi hata kama dunia nzima ingekuwa na afya. Chai yangu ya asubuhi ingestahili shukrani hata kama hakuna mtu anayelala njaa, na kwa kuwa wako wanaolala njaa, ninapaswa kuwaombea na kuwapelekea chakula, wala nisijifariji kwa kuwafikiria.

Hapo ndipo ninapotofautiana pia na mahubiri ya mafanikio ambayo yameenea sana. Mtu akifundishwa kwamba gari, kiwanja na safari ya nje ni ushahidi kwamba imani yake imefanya kazi, amenyang'anywa shukrani, kwa sababu hakuna anayeshukuru kwa kulipwa anachodai. Musa aliwaonya Waisraeli juu ya hilo kabla hawajaingia katika nchi nzuri. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 8 anasema watakula na kushiba, watajenga nyumba nzuri, mifugo yao itaongezeka, na hapo hapo mtu ataanza kusema moyoni kwamba nguvu zake na uwezo wa mkono wake ndio uliompatia utajiri huo. Paulo aliwauliza Wakorintho swali ambalo halijapata jibu mpaka leo: "Nawe una nini usichokipokea?"

Sasa, ukishajizoeza kuuliza kitu hiki kimetoka wapi na kimepita mikononi mwa nani, baraka za rohoni nazo zinaacha kuwa maneno ya jumla. Paulo anasema katika Waefeso kwamba Mungu ametubariki kwa baraka zote za rohoni ndani ya Kristo, na yeye pia haishii kwenye "zote". Anataja kuchaguliwa, kufanywa wana, kukombolewa kwa damu, kusamehewa, kutiwa muhuri na Roho.

Niichukue baraka moja tu, Neno la Mungu katika lugha ninayoielewa. Biblia iliyo kando ya kitanda changu ni ya tafsiri ya mwaka 1952, ile inayoitwa Union Version, ambayo ndiyo iliyo midomoni mwa wengi wetu tunapokariri. Nyuma yake kuna ya Karl Roehl ya mwaka 1937, na nyuma zaidi kuna kazi ya Askofu Edward Steere na wenzake wa Zanzibar. Mwanzoni kabisa kuna mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844. Mwezi Juni mwaka huo alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Mwezi Julai mkewe, Rosine, alifariki kwa homa baada ya kujifungua, na mtoto wao mchanga wa kike akamfuata. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa kitandani. Alipopata nafuu aliendelea na kazi.

Kila ninaposoma "Hapo mwanzo Mungu aliziumba mbingu na nchi," ninajua kwamba Kiswahili hicho kina makaburi mwanzoni mwake. Ninajua vilevile kwamba Mwislamu msomi alikaa na mgeni mgonjwa akimsaidia kupata maneno, na kwamba kwa zaidi ya miaka 100 baada ya hapo walimu na waandishi wa Kiafrika, ambao majina ya wengi wao hayamo kwenye kurasa za mwanzo, walikaa na watafsiri wakiwaambia hivi ndivyo tunavyosema na hivi sivyo. Bibi yangu alijifunza kusoma kwa kitabu hicho. Kusema "asante kwa Neno lako" bila kuwakumbuka watu hao kunawezekana, lakini ni kushukuru kwa nusu.

Baraka ya pili nitaitaja kwa ufupi, kwa sababu ukubwa wake unanishinda. Jumapili, baada ya ungamo, mchungaji anatutangazia ondoleo la dhambi, na dakika hiyo ndiyo ninayoisubiri kuliko nyingine yoyote ya juma. Hakuna chandarua, blanketi wala mshahara unaomfikia mtu pale dhamiri yake inapomhukumu usiku. Na kwenye Meza ya Bwana mambo yote mawili yanakutana. Yesu aliyeishika mikate mitano ya shayiri ya yule mtoto akamshukuru Mungu kabla ya kuwagawia watu wenye njaa ndiye aliyetwaa mkate usiku ule aliotolewa, akashukuru, akaumega, akasema, "Huu ndio mwili wangu." Alishukuru akiijua kesho yake. Na alichokishika mikononi kilikuwa chakula cha kawaida cha mezani.

Kwa hiyo siwezi kuzungumza juu ya shukrani nikauacha msiba. Mama yangu alipofariki, walikuwapo walioniambia siku ile ile kwamba inanipasa kushukuru. Walinukuu maneno ya Ayubu, "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa, jina la Bwana na libarikiwe." Maneno hayo ni ya kweli na matakatifu, lakini aliyeyasema ni mfiwa mwenyewe; hakusomewa na rafiki zake. Tunapaswa kumwachia mwenye msiba nafasi ya kuyafikia kwa muda wake. Mimi nilianza kushukuru siku ya tatu, na kilichonianzisha ni kuwaona akina mama wa jumuiya yetu wakiwa wamekaa kwenye vigoda nyuma ya nyumba tangu alfajiri, wakimenya ndizi za kuwalisha waombolezaji, vidole vyao vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Hakuna aliyewaomba. Mmoja wao hakuwa akisemezana na mama yangu kwa muda mrefu kwa sababu ya mpaka wa kihamba, naye alikuwapo, akimenya. Ndipo maneno "majirani waaminifu," niliyoyakariri utotoni nikiwaza mchezo, yaliponiingia. Sikuweza kushukuru kwa kifo, wala sidhani kwamba nilidaiwa hilo. Niliweza kushukuru kwa ndizi zile, kwa kuni alizoleta mtu na toroli, na kwa ufufuo wa wafu, kwa mpangilio huo.

Sikukuu ya Mavuno inakaribia katika usharika wetu. Watu wataleta mikungu ya ndizi, mahindi, mayai, kuku, kahawa na miwa, na baada ya ibada kutakuwa na mnada kama ilivyo desturi. Safari hii tumekuwa tukisoma Kumbukumbu la Torati sura ya 26 kwenye jumuiya. Humo mwenye shamba analeta kikapu cha malimbuko, lakini kabla ya kuondoka anatakiwa kuisema historia yake kwa kinywa: baba yake aliyekuwa karibu na kupotea, utumwa wa Misri, mkono wa Bwana uliowatoa, na nchi aliyopewa. Kisha anaagizwa ayafurahie mema hayo yote pamoja na Mlawi na mgeni aliye kati yao. Kikapu, historia na mgeni vinakwenda pamoja, na kinachokosekana kwetu mara nyingi ni hivyo viwili vya mwisho.

Kwa upande wetu mgeni huyo yuko karibu. Ni familia za kule tambarare, ambako maji yanafika yakiwa yamebaki kidogo baada ya sisi wa juu kumwagilia, na miezi ya kiangazi wanawake wa huko wanaamka usiku kwenda kupanga foleni ya ndoo. Baraza la wazee limekubali kwamba fedha za mnada wa mwaka huu zichangie tangi la maji katika mtaa wetu ulioko huko chini. Nimeomba nipewe dakika chache kabla mnada haujaanza, niseme juu ya mfereji, waliouchimba, na bomba lililoko jikoni kwangu. Mzee mmoja ambaye baba yake alikuwa msimamizi wa zamu za maji amekubali kusimama pamoja nami, kwa kuwa yeye anayajua majina.